Kiti cha Nyuma cha Pijo

Dada Achol,

Tangu asubuhi najaribu kuandika "mpendwa", na neno linagoma. Si kwamba hupendwi. Ni kwamba kwa miaka miwili jina lako lilikuwa likinichoma kila lilipotajwa nyumbani kwangu, na mkono wangu haujasahau. Basi nimeandika "dada", na hilo ulipokee kwanza.

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha, ipite mikononi mwa watu hadi ikufikie huko uliko. Kusoma Kiswahili kunakusumbua, najua. Atakayekusomea akusomee polepole, na akifika mahali pa aibu asiparuke.

Unakumbuka siku uliyoingia katika nyumba yetu? Wewe utasema ni ile siku ulipokuja Lodwar na sanduku lako la vifaa. Mimi nasema uliingia kabla ya hapo, na hukuingia kwa miguu. Uliingia kwa mdomo wa mume wangu. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2012. Ewoi alikuwa amerudi kutoka Kakuma, alikokwenda kutafuta kabureta ya gari lake kuukuu, lile pijo. Nikamwandalia ugali na samaki, na yeye ambaye siku zote hula kimya, akimaliza anasema "asante" na kurudi gereji, siku hiyo akaanza kuongea kabla hata ya kunawa.

"Kuna mama mmoja pale kambi ya wakimbizi," akasema. "Msudani. Anatengeneza jenereta na pikipiki kwa kibanda chake sokoni. Nimemwuliza kabureta, akaniambia niwashe gari kwanza. Nikawasha. Akasikiliza, akasema shida si kabureta, ni vali. Na ni vali kweli, Mama Apua! Tumefungua pamoja."

"Anaitwa nani?"

"Achol."

Alilitamka vizuri mno. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kazi yangu ni maneno, na Mungu alinipa mume asiye na maneno. Nilikuwa nimekubali. Nilijiambia Ewoi ni mtu wa vyuma, ulimi wake ni spana. Kumbe maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamehifadhiwa mahali, yakingoja mtu wa kuzungumza naye juu ya vali. Wiki ile nzima nikayasikia: Achol amesema hivi kuhusu plagi, Achol anafikiri hivi kuhusu klachi. Binti yangu Apua, ambaye hata hajakuona, akaanza kukucheza. Anajipaka majivu mikononi na kusema, "Mimi ni Achol fundi." Nikamwosha mikono kwa nguvu kidogo.

Wapo watakaoisoma barua hii bila kuyajua mashindano ya magari mliyokuwa mkiliandalia pijo, kwa hiyo univumilie nikiwaeleza. Si mbio za porini za kutimua vumbi. Ni mbio fupi, za kipande cha lami kilichonyooka. Magari mawili yanasimama sambamba, shuka inaangushwa, na anayeyapita mapipa ya mwisho kwanza ndiye mshindi. Lakini kati ya mbio na mbio kuna safari. Mnakimbia Lodwar, halafu gari lilelile mnaliendesha hadi Kakuma mkakimbie huko, halafu Lokichoggio mkakimbie tena, halafu mrudi. Hakuna kupandishwa kwenye lori wala kuvutwa kwa kamba. Gari lenyewe liwe halali barabarani: liwe na namba, bima, taa, honi, hata wipa, katika nchi ambayo mvua hutusahau. Ugumu uko hapo. Gari lililofanywa kali kwa mbio hufia njiani, na gari la kuvumilia njia huwa zito kwenye mbio. Wewe na Ewoi mlitaka moja litakaloweza yote mawili.

Mkalijenga. Hedi ya injini ilipelekwa Kitale ikakwanguliwe ili injini ibane zaidi. Mkafunga kabureta mbili badala ya moja. Mkang'oa kiti cha nyuma, mazulia, kila kitu ambacho hakikuisaidia injini, mpaka pijo likabaki kama sufuria lenye magurudumu.

Siku uliyokuja mara ya kwanza kuianza kazi hiyo, na karatasi yako ya ruhusa ya kutoka kambini, nilivaa gauni langu la kanisani, nikasuka nywele upya. Nilijiandaa kumpokea mwanamke mrembo. Akashuka mwanamke mrefu ndani ya ovaroli ya kiume iliyopauka, viwiko vyeusi kwa grisi. Nikatafuta rangi ya mdomo, sikuiona. Nikatafuta marashi, nikanusa petroli. Nikasema moyoni, afadhali.

"Ejok," nikakusalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi, Mama Apua," ukajibu, kama uliyezaliwa Lodwar. Kisha ukaligeukia pijo, ukaliwekea kiganja kwenye boneti. "Gari hii anaumwa," ukasema.

"Gari hili linaumwa," nikakusahihisha. Ilinipa raha kukusahihisha. Niseme ukweli, ilikuwa raha yangu pekee siku hiyo.

"Ee," ukaitikia kwa moyo wote. "Yeye anaumwa sana."

Ewoi akacheka mpaka akashika ukuta. Nawe ukacheka, ukinitazama mimi, kama uliyenialika nami nicheke. Sikucheka. Nikaingia ndani kupika chai, na kutoka dirishani nikawaona mmeinamia injini, vichwa viwili ndani ya boneti moja. Ile "afadhali" yangu ikaniisha. Mrembo ningejua namna ya kushindana naye. Wewe ningeshindana nawe kwa nini? Sikujua hata plagi inakaa wapi.

Mwaka huo mlikwenda wawili, mkarudi mmeshika nafasi ya pili nyuma ya Subaru nyeupe ya vijana wa Kitale. Ewoi alinieleza yote juu ya lile pijo, hakunieleza lolote juu yenu. Aliyenieleza ni jirani yetu Mama Ekeno, anayepeleka vitenge Kakuma.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi sipendi kuleta maneno."

"Basi usiyalete."

"Lakini nimewaona kwa macho yangu. Mkono wa yule Msudani uko juu ya mkono wa mume wako. Kwa gia! Na gari inakimbia hivyo. Watu wote wameona."

Sikumwuliza Ewoi. Kuuliza ni kumpa mtu nafasi ya kukujibu, na mimi sikutaka jibu, nilitaka kukasirika. Nikakasirika karibu mwaka mzima. Nilikasirika nikisahihisha insha za watoto, nikichota maji, nikiimba kwaya. Kila aliposhika mkono wangu niliutazama mkono wake na kuona mwingine juu yake.

Mashindano ya 2013 yalipokaribia, nilimfuata gereji.

"Mwaka huu nakuja," nikamwambia.

"Utatungoja Kakuma?"

"Nakuja ndani ya gari."

Akaweka spana chini. "Mama Apua, sheria unaijua. Mtu akitoka na gari hapa Lodwar, anakaa ndani kila mbio mpaka mwisho. Hakuna kushusha mtu, hakuna kushusha mzigo. Sasa uzito wako..."

"Uzito wangu umefanya nini?"

Aliona mazungumzo yale yalikokuwa yakielekea, akaiokota spana yake. Nikajua nimeshinda, na nikangoja anichukie. Siku iliyofuata nilipotoka shuleni nikamkuta ameingiza nusu ya mwili ndani ya pijo. Alikuwa akikifunga kiti cha nyuma. Alikuwa amekitoa stoo, amekipangusa, amekishonea mahali palipochanika, amekiwekea na mkanda. Kile chuma na sifongo mlichokitoa ili gari liwe jepesi, akikirudisha kwa mikono yake mwenyewe ili mke wake akae vizuri. Nilikaribia kulainika. Lakini nikakumbuka gia.

Ulipofika na kukiona kiti, ulimtazama Ewoi, ukanitazama mimi na kikapu changu. "Kalas, imekwisha," ukasema. "Mama Apua ndani. Basi mimi natoa jeki hii kubwa, natafuta ndogo." Ukatoa jeki. Ukatoa na sanduku lako mwenyewe, ukachagua vifaa vichache ukavifunga kwa kitambaa. Nilikuona ukifanya hivyo nikakasirika zaidi, kwa sababu ulikuwa hunipi nafasi ya kukuchukia kwa raha.

Mbio za Lodwar tulishindwa. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, na waliponiona nyuma na kilemba changu wakashangilia kwa kebehi: "Ewoi amebeba mzigo!" Nikakaza shingo. Shuka ikaanguka. Achol, hakuna aliyenionya kwamba mgongo hubaki na moyo hutangulia. Na hapo, gia ikiwa imezibwa na migongo ya viti vyenu, katika kioo cha dereva nikauona uso wa mume wangu.

Sijawahi kukuambia hili. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Si siku ya harusi, si siku Apua alipozaliwa. Ulikuwa uso wa kijana, wazi kabisa, hauna hata kitu kimoja unachokificha. Ulidumu muda mfupi tu, yakapita mapipa, Subaru mbele yetu, uso ukajifunga tena akawa Ewoi wa kila siku. Na wazo la kwanza lililonijia halikuwa kwamba tumeshindwa, na kwamba tumeshindwa kwa sababu yangu. Lilikuwa hili: wewe umeuona uso huo mwaka mzima. Umekaa kando yake na kuutazama bure. Wivu nilioujua kabla ya hapo ulikuwa mchezo wa watoto.

Tukashika njia ya Kakuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa maongezi yenu. Nilikuwa nimeweka masikio tayari, nisikie mtakavyochekeana, mtakavyoniacha nje. Hamkuongea! Saa nzima, joto likipanda kutoka kwenye sakafu ile isiyo na zulia, lami ikiisha na kuanza tena kwa mabaka, Ewoi akikwepa mashimo na kuteremka kwenye mchanga wa laga, ile mito mikavu, na kupanda tena, na ninyi wawili kimya. Mara moja ulisema, "Polepole." Mara moja yeye alisema, "Nimesikia." Mlikuwa mnaisikiliza injini. Mimi na Ewoi tukikaa kimya nyumbani, kimya hicho ni chumba kitupu. Kimya chenu kilikuwa kimejaa, na mimi nilikuwa mlangoni.

Kwenye kizuizi cha polisi askari akainama dirishani. Akaangalia bima, akaangalia karatasi yako ya ruhusa, akachungulia nyuma.

"Huyu mama wa nyuma ni nani?"

"Bibi yangu," Ewoi akajibu.

"Na huyu wa mbele?"

"Fundi."

Askari akashika mlango kwa kicheko. "Bibi nyuma, fundi mbele! Wewe mzee ni hatari. Haya, nenda."

Ewoi akatabasamu. Wewe hukutabasamu. Uligeuka, ukanitazama, ukasema, "Mama Apua, wewe unataka kuja mbele?" Nikakujibu, "Hapa nilipo panatosha." Uongo. Palikuwa pakinichoma, kwa joto na kwa kila namna.

Tulipofika Kakuma mshale wa joto ulikuwa umelala kabisa upande mwekundu na mvuke unatoka pembeni mwa boneti. Ewoi alikuwa na haraka, magari mengine yalikwisha kujipanga. Ulimwambia, "Ngoja." Nilikusikia. Hakungoja. Akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha, na maji ya moto yakaruka.

Hapo, dada yangu, ndipo nilipopata pumzi yangu ya kwanza baada ya muda mrefu. Sote wawili tulikimbia. Wewe ulikimbilia rejeta, mimi nikakimbilia mkono. Nilichukua mtungi wangu wa maji ya kunywa nikaumiminia tangu kiwiko hadi vidoleni, nikimfokea na kulia kwa pamoja, na nilipoinua kichwa nikakuona umeziba tundu kwa tambara, unaongea na lile gari kwa Kiarabu cha Juba, unalibembeleza. Hukuwa umemtazama Ewoi hata mara moja. Moyo wako uliruka kuelekea pale ulipokuwa tangu mwanzo. Nilisimama pale na mkono wa mume wangu uliobabuka ndani ya mikono yangu, na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Daktari wa zahanati akaufunga mkono bendeji nyeupe nene. Hakuweza kushika usukani. Sheria iliruhusu yeyote aliyetoka na gari kuliendesha, na mimi kuendesha sikujua.

"Endesha wewe," Ewoi akakuambia.

"Sawa. Lakini gia ya tatu?"

Mkatazamana. Kisha wote wawili mkanitazama mimi.

"Gia ya tatu inaruka," ukanieleza. "Mimi nikiendesha nguvu, yeye anatoka pekee yake. Lazima mtu mwingine anamshika hapo, kabisa, asitoke. Mwaka jana Ewoi anaweka gia, mimi namshika juu ya mkono yake. Sasa mimi naweka, wewe unashika."

Nikasimama katikati ya soko la Kakuma kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mwaka mzima! Mwaka mzima nimelala na mkono ule juu ya mkono ule, kumbe ilikuwa gia mbovu. Nilitaka kucheka. Nilitaka kumpiga Ewoi kwa kutonieleza, na kujipiga mimi kwa kutouliza. Badala yake nikafungua mlango wa mbele nikakaa. Ewoi akaingia nyuma kwenye kiti alichonishonea, akafunga mkanda kwa mkono mmoja.

"Mimi ni mzigo leo," akasema.

Ukaendesha hadi mstarini. Tulipangiwa Subaru ileile. Upande wako wa barabara walisimama wanawake wa kambini, wakikuita kwa Kidinka; upande wangu Wasomali wa maduka, Waturkana wenzangu na mbuzi wao. Ulipunguza upepo wa tairi za nyuma kwa mkono wako ili zishike lami, ukarudi ukakaa, ukafuta kiganja kwenye ovaroli.

"Mama Apua, wewe unaogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi pia. Nzuri."

Shuka ikaanguka. Gia ya kwanza, injini ikalia. Ya pili, na Subaru iko kando yetu, namwona kijana aliye ndani amekenua meno. Ukavuta ya tatu, ukapiga kelele "Shika!" na mimi nikashika kwa mikono miwili, juu ya mkono wako, kwa nguvu zote ambazo nilikuwa nimezitunza kwa ajili ya kukuchukia. Gia ikatetemeka kama mbuzi anayetaka kuponyoka. Sikuiachia. Mkono wako chini ya mkono wangu ulikuwa mgumu na moto, nikausikia mshipa wake unapiga. Na nikaelewa kwamba Mama Ekeno hakuwa amekosea kabisa. Hapakuwa na uchafu wowote pale, lakini palikuwa na kitu. Watu hawashikani hivyo kila siku.

Tukayapita mapipa mbele yao. Subaru ilikuwa nyuma kwa urefu wa mwili wake, licha ya uzito wangu, licha ya kiti.

Wanawake wenu wakamwagika barabarani wakipiga vigelegele. "Achol! Achol!" Wakakutoa dirishani karibu wakuvue ovaroli. Na mimi niliyekaa pale nimeuma ulimi, damu mdomoni, nikasikia ule ugonjwa wangu unanirudia, umebadilisha nguo tu. Kwa nini wanaita jina moja? Gia ilishikwa na nani? Kisha ukajipenyeza katikati yao, ukarudi, ukainua mkono wangu juu na kuwapigia kelele maneno ambayo sikuyaelewa. Wakanipigia vigelegele na mimi. Mpaka leo sijui uliwaambia nini. Nimekataa kumwuliza mtu yeyote, nisije nikasikia ni kitu kidogo.

Lokichoggio tulishindwa. Mkono wa Ewoi ulikuwa umepoa kidogo, akauliza kama aendeshe, na ni mimi niliyesema, "Achol aendeshe." Ukaendesha vizuri, gia nikaishika vizuri, na Subaru ikatupita kwa upana wa boneti. Nafasi ya pili tena. Ewoi alisimama akilitazama pijo, akasema kwa upole, bila lawama, "Mwaka ujao tutaondoa kile kiti."

"Usiondoe," ukamwambia.

Neno lile, Achol, nililiweka mahali pema. Lakini hukuniachia nilifurahie kwa muda mrefu. Jioni hiyo, tukinywa chai, uliinuka na kwenda na Ewoi upande wa gari, mkaongea, nami nikabaki na vikombe. Njiani kurudi, uliposhuka kuangalia tairi, ndipo Ewoi aliponiambia: umepata habari kwamba mama yako yuko hai, yuko Bor, Sudan Kusini, na utarudi kwenu kabla mwaka haujaisha. Yeye aliambiwa kwanza. Mimi niliyeshika gia nililetewa habari kama mtu wa nje. Nilinuna hadi Lodwar, na safari hii ninyi wawili mlidhani nimechoka.

Ulikuja kwetu mara chache baada ya hapo, na kila ulipokuja ulinitoa nyumbani ukanipeleka kwenye mchanga mgumu kando ya mto Turkwel ukanifundisha kuendesha. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilizima gari mpaka watoto waliokuwa wakichunga wakaacha mbuzi waje kututazama. Hukunifokea hata siku moja. "Usimpigane," ulikuwa ukisema. "Gari hii, wewe umwambie tu." Nami sikukusahihisha tena. Nilikuwa nimeanza kukipenda Kiswahili chako, na sikutaka kingine.

Siku ya kuondoka kwako tulikuja Kakuma kukuaga, na ni mimi niliyeendesha kutoka kizuizini hadi kambini. Lori lilikuwa limejaa magodoro na mabati. Ulimpa Ewoi spana zako zote. Mimi ulinikumbatia, ukaninong'oneza, "Angalia mshale wa joto, Mama Apua." Basi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekaa kando ya zile spana, na nikazionea wivu. Chuma kilichovaa alama za vidole vyako kilikuwa chake. Changu kilikuwa mshale.

Kisha Desemba ikafika na habari mbaya za vita kutoka kwenu. Tulisikiliza redio kila asubuhi na kila jioni. Kila walipotaja Bor, Ewoi alikuwa akitoka nje, na nilimsikia akiwasha pijo na kulizima, akiliwasha na kulizima, haendi popote. Kanisani tuliomba kwa majina, na jina lako nilitaka kulitaja mimi, na akanitangulia. Hata katika sala alinitangulia.

Sikukuu hii nilikwenda na Apua kwa mama yangu kule Katilu, tukale mahindi mabichi na kuona kijani kidogo. Niliporudi Ewoi alikuwa amesimama mlangoni, na kabla sijashusha mzigo nikaona kwamba ana neno.

"Amepiga simu," akasema.

Sikuuliza nani. Niliketi chini pale pale.

"Yuko hai. Yeye na mama yake. Wamevuka mto, wanakaa chini ya miti na watu wengi. Simu ni ya kuazima. Anakusalimia."

"Amesema nini kingine?"

"Hayo."

"Sauti yake ikoje?"

Akafikiri. Ewoi wako, mtu wa maneno mengi ya vali, akafikiri sana kwa ajili yangu. "Ni sauti ya Achol," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa na ule uso wa kwenye kioo. Uso wazi wa kijana, mlangoni kwangu, mchana, na sasa nauona bila kuibia, nao umegeukia kwangu. Miaka miwili nilikuwa nimeutaka uso huo uniangalie hivyo. Ukaniangalia, na mimi nikawaza kitu kimoja tu: yeye ameisikia sauti yako, na mimi nilikuwa Katilu nikila mahindi.

Kwa hiyo nakuandikia kwa hasira, dada. Nina furaha kubwa ambayo sitaiandika kwa sababu karatasi haitatosha, na nina hasira ndogo ambayo inatosha kabisa. Namba yangu nimempa huyu anayekuletea barua. Ukipata tena simu ya kuazima, hata kama salio ni la neno moja, neno hilo ni langu. Nipigie mimi kwanza. Ewoi angoje zamu yake.

Baki salama, na mama yako abaki salama, huko chini ya miti.

Ni mimi dada yako wa kwenye gia,
Mama Apua